Kahawa ya Kilimanjaro yenye nembo ya Fairtrade: nembo hiyo inapima nini?

Pakiti ya gramu 250 niliyoinunua katika duka moja hapa Ujerumani ina arabika ya Kilimanjaro iliyokaangwa kwa kiasi, yenye uchachu mwepesi na harufu inayobaki hata kikombe kikipoa. Kwa upande wa ladha sina la kulalamikia. Ninaandika kwa sababu ya nembo ya Fairtrade, yaani mpango wa kimataifa wa biashara ya haki kwa wakulima, kwani ndiyo iliyonishawishi kulipa zaidi ya bei ya kahawa iliyokuwa kando yake, na anayelipa zaidi ili mkulima anufaike ana haki ya kujua mkulima huyo amenufaika kwa kiasi gani.

Yapo mambo mawili ambayo nembo inayapima vizuri. Tangu Agosti 2023 arabika iliyooshwa (iliyomenywa na kusafishwa kwa maji kabla ya kukaushwa) hainunuliwi kutoka kwa ushirika chini ya dola 1.80 kwa ratili (takriban gramu 454), ambapo kabla ya hapo kiwango kilikuwa dola 1.40. Juu ya bei hiyo huongezwa senti 20 kwa kila ratili, na fedha hizo hukabidhiwa chama, ambacho wanachama wake huamua mkutanoni zitumikeje, ila senti 5 kati ya hizo lazima zielekezwe kwenye tija au ubora wa zao. Wakaguzi wa FLOCERT, kampuni inayotoa vyeti vya Fairtrade, hupitia mikataba na vitabu vya hesabu, na kwa hilo nembo hii inastahili kuaminiwa kuliko maneno matamu ambayo kampuni hujiandikia zenyewe.

Nilipiga hesabu ya pakiti yangu. Kahawa hupungua uzito inapokaangwa, hivyo gramu 250 hutokana na takriban gramu 300 za kahawa ghafi, yaani theluthi mbili ya ratili, na nyongeza iliyomo ni kama senti 13 za dola. Zikikusanywa kutoka pakiti nyingi, senti hizo zina maana kubwa kwa chama cha msingi ambacho wanachama wake wanalima vihamba vidogo mlimani, lakini pakiti haizitaji popote.

Tatizo zito zaidi ni kwamba nembo ileile hubeba manufaa tofauti mwaka hadi mwaka. Mwaka 2019, bei ya arabika katika soko la dunia iliposhuka chini ya dola 1 kwa ratili, kima cha chini cha bei, yaani dola 1.40, kilikuwa ngao ya kweli kwa ushirika uliopata mnunuzi wa Fairtrade. Februari 2025 bei ya soko ilipita dola 4, na hapo ngao hiyo haikuwa na kazi, zikabaki zile senti 20 tu. Isitoshe, ushirika wenye cheti huweza kuuza sehemu tu ya mavuno kwa masharti haya, kwa kuwa wanunuzi hawatoshi, na iliyobaki ikauzwa kama kahawa nyingine yoyote.

Ndiyo maana ninaona nembo inathibitisha kwamba masharti yamefuatwa, jambo ambalo ni la lazima, bila kupima wema uliotendeka. Miongozo ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) ya kutathmini athari za bidhaa kwa jamii, iliyotolewa mwaka 2009 na kuboreshwa mwaka 2020, inataka tuwatazame wafanyakazi, jamii inayowazunguka, watumiaji na watoto pia, na kwa maoni yangu kipimo cha manufaa hakina uzito mpaka kilinganishe hali iliyopo na ile ambayo ingekuwapo kama ununuzi huo usingefanyika.

Kahawa hii nitaendelea kuinunua, na ninawashauri wengine wainunue. Kwa mwenye kuikaanga na kuifunga nina ombi moja: achapishe nyuma ya pakiti jina la ushirika, kiasi cha nyongeza kilicholipwa msimu uliopita, na kile ambacho wanachama walikiamua kwa fedha hizo.