Maegesho ya watu wenye ulemavu, duka kubwa Arusha: Jumanne utashuka vizuri, Jumamosi jipange

Duka lenyewe lipo upande wa mashariki wa jiji la Arusha, jina tuliache. Kwa bidhaa halina shida: kati ya rafu kiti cha magurudumu na toroli vinapishana, na kaunta moja ya malipo imepanuliwa. Mlango wa choo unafungukia ndani, kwa hiyo unakula nafasi ya kugeuzia kiti, ila choo kinatumika. Kinachopimwa hapa ni maegesho ya nje, hatua chache kabla ya mlango, maana huko ndiko mteja mwenye ulemavu anakogeuza gari na kurudi nyumbani bila mkate.

Nafasi ni mbili, zimepakana, na katikati yake kuna ukanda wa mistari ya njano ya mshazari. Ukipima kwa futi kamba, kila nafasi ina upana wa mita 2.4 na ukanda una mita 1.2. Ni vipimo kama vya Uingereza. Marekani ukanda haupungui mita 1.5 hivi. Eneo zima linachukua magari kama 60, na kwa idadi hiyo Wamarekani wangedai nafasi 3. Mbili zingetosha kuanzia, kama zingekuwa zinakaa wazi.

Huo ukanda ndio madereva wengi hawauelewi. Wanaona mistari, wanadhani ni sehemu iliyobaki baada ya fundi kukosea hesabu. Chukua IST: upana wake hauzidi mita 1.7. Ukiipaki katikati ya nafasi ya mita 2.4, kila upande unabaki na sentimita 35. Kiti cha magurudumu cha mtu mzima kina upana wa sentimita 60 na kitu. Bila ukanda, kiti hakiwezi kusimama pembeni ya mlango. Anayeendesha mwenyewe hufungua mlango hadi mwisho, anavuta fremu ya kiti kutoka nyuma, anaiweka chini, anachomeka magurudumu, anaweka mto, anafunga breki, ndipo anajihamisha. Kila hatua inataka ardhi tambarare pembeni yake. Mwenye haraka akiingiza tairi mbili tu ndani ya mistari, kazi yote imekwama.

Na kuna baya kuliko kukosa nafasi. Mtu amepaki vizuri, ameingia dukani, nyuma yake mwingine akabana ukanda "dakika mbili tu" na kuwasha hazadi. Mwenye kiti anatoka na mifuko mapajani, mlango wa dereva haufunguki. Hawezi kupitia upande wa pili. Kumpa mlinzi funguo amtolee gari si rahisi pia, kwa sababu gari la asiyetumia miguu mara nyingi lina wenzo wa mkono chini ya usukani, unausukuma kufunga breki na kuuvuta kuongeza moto, na asiyeuzoea anaweza kuligonga ukutani. Kwa hiyo anasubiri juani.

Hizo dakika mbili zinatoka wapi? ATM. Mashine ya benki imewekwa ukutani, usawa wa nafasi hizi mbili. Tarehe za mshahara na Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, anayetaka kutoa pesa anapaki penye njia fupi, na njia fupi ndiyo hii. Kusema madereva wa Arusha hawana utu ni rahisi, lakini aliyepanga ramani ya jengo naye ana lake. Hapa pangetengwa nafasi tatu za kusimama dakika kumi, mbele kidogo, zenye kibao chao. Mwenye haraka apewe pa kuharakishia.

Uongozi umejaribu koni. Koni hazifai, na sababu iko wazi ukiitafakari: anayetakiwa kuisogeza ni yule asiyeweza kushuka mpaka apaki. Anapiga honi, mlinzi yuko mlangoni anakagua risiti, magari nyuma yanapiga honi zao, anaondoka. Wakati huohuo mwenye Land Cruiser anashusha kioo, koni inasogezwa na mlinzi anapiga saluti.

Mlinzi huyo asilaumiwe peke yake. Ndani ya geti yeye ndiye trafiki, lakini hajapewa mamlaka wala maneno. Asimame mdomoni mwa nafasi zile, si mlangoni, na aseme kabla injini haijazimwa: "Samahani bosi, hapa ni pa walemavu, pale nyuma kuna nafasi." Injini ikishazimwa na mlango ukafungwa, ameshashindwa. Wala asisubiri kuona kiti. Kanda yetu ina TATCOT, chuo kilicho pale hospitali ya KCMC Moshi, wanakofundishwa mafundi wa miguu bandia; mwenye mguu bandia ndani ya suruali atashuka akitembea, na bado nafasi ni yake. Swali moja la heshima linatosha.

Alama imechorwa chini tu, kwa rangi ya kawaida ya mafuta, na tairi zimeshaifuta nusu. Hata ingekuwa mpya, gari likishapaki juu yake haionekani. Panatakiwa kibao cha kusimama, ukingo wake wa chini usipungue mita 1.5 kutoka ardhini, ili gari likishapaki kisifichike chote.

Mbele ya ukanda kuna rampu ya kupandia kibarazani. Ukingo una kimo cha sentimita 15, rampu ina urefu wa mita 1.2: yaani moja kwa nane. Kinachokubalika ni moja kwa kumi na mbili, hivyo ilitakiwa mita 1.8. Kwa anayesukumwa ni jasho tu. Kwa anayejisukuma mwenyewe kiti kinaweza kubinukia nyuma. Mvua za vuli maji yanatuama chini yake, na maua ya mjakaranda yakianguka kwenye maji hayo panateleza kama bamia. Hapohapo bodaboda wamepageuza kijiwe, na toroli zinatelekezwa kwa kuwa sehemu ya kuzirudisha iko mbali.

Ukiamua kwenda, nenda Jumanne au Jumatano kabla ya saa nne asubuhi. Unayeendesha mwenyewe, chukua nafasi ya kushoto na uingie kwa mbele, ukanda utakuwa upande wa usukani. Ukikuta iliyobaki ni ya kulia, ingia kinyumenyume. Ukiwa abiria wa kiti cha mbele, mambo yanageuka: kulia kwa mbele, kushoto kwa kinyumenyume. Mwambie mlinzi unapoingia, si unapotoka, kwamba ukanda ubaki wazi mpaka urudi. Alama zetu: 4 kati ya 5 siku za katikati ya wiki, 1 kati ya 5 Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na hiyo moja ni ya kaunta pana.