Uzoefu wangu wa kumpeleka binti yangu Chennai, India, kupitia wakala wa matibabu

Nianze na majibu kwa wenye haraka. Operesheni ya kuziba fuvu ilikwenda vizuri, naipa nyota nne kati ya tano. Nyumba tuliyofikia, nne. Wakala aliyetupeleka, mbili, na moja kati ya hizo nampa kwa sababu gari lake lilikuwepo uwanja wa ndege saa tisa usiku kama alivyoahidi.

Binti yangu alikuwa na miaka sita alipogongwa na bodaboda barabara ya kutoka Korogwe kwenda Segera. Damu iliganda ndani ya kichwa, ubongo ukavimba, na madaktari Dar es Salaam wakatoa kipande cha fuvu upande wa kushoto ili ubongo upate nafasi. Operesheni hiyo ndiyo iliyomwacha hai, na mtu akiniambia madaktari wetu hawajui kazi huwa tunakosana. Baadaye kile kipande cha mfupa kikapata maambukizi, kikawa hakirudishiki. Tukabaki na mtoto anayeona, anayetutambua wote, anayecheka na baba yake, ila mkono na mguu wa kulia vimekaza, maneno yamebaki ya kuhesabu, degedege linamrudia, na upande mmoja wa kichwa ni laini, unabonyea akikaa na kutuna akilala. Kofia ngumu ya baiskeli alivaa hata ndani ya nyumba.

Kuziba fuvu kunafanyika Dar, tuliambiwa hivyo na ni kweli. Sasa kwa nini India? Sababu ya kusema mbele za watu ni kwamba tulitaka bamba la kuzibia lililochongwa kwa kipimo cha kichwa chake. Sababu ya pili ni michango. Upande wa mume wangu walishafungua grupu la WhatsApp na kamati, na neno lililoandikwa juu kabisa lilikuwa India. Watu wakishakuchangia kwa ajili ya India, jaribu kumweleza shemeji aliyetoa milioni nzima kwamba utabaki Dar. Na tuseme ukweli, sote tulikuwa na tumaini kwamba huko kuna mtu atakayegusa ubongo wenyewe.

Wakala tulielekezwa na mfanyakazi mwenzake mume wangu. Ana ofisi ya vyumba viwili, picha za mahospitali ukutani, maneno matamu. "Huduma yangu ni bure, mama, hospitali ndiyo inanilipa." Hilo la kulipwa na hospitali ni kweli: anachukua kamisheni. Maana yake ni kwamba hospitali tatu alizotupa tuchague ni zile zinazomlipa. Nilipomtajia nyingine, hospitali ya misheni ambayo jirani yetu alitibiwa, alisema foleni yake ni ndefu mno. Labda ni ndefu. Hakuwahi kupiga simu kuuliza.

Tulimpa ripoti, picha za CT na nakala za pasi. Makadirio yalirudi upesi: dola 6,500. Nikamuuliza kama hiyo ndiyo jumla, akasema ndiyo jumla. Barua yenyewe ilikuwa na mistari midogo chini: bei ni ya operesheni, bamba, wodi na chumba cha uangalizi maalumu. Haikuwa na MRI (picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku), haikuwa na kipimo cha umeme wa ubongo, dawa za kuondoka nazo, sindano za kulegeza misuli wala mazoezi ya viungo. Tuliondoka hospitali tumepita dola 9,000, na hapo sijaweka tiketi wala chumba. Hospitali haikutudanganya, iliandika. Aliyetudanganya ni yule aliyeisoma barua kabla yetu na kutuambia isivyo.

Kuhusu viza, ya matibabu inaombwa mtandaoni, inadumu siku 60, na wasindikizaji wawili wanaombewa yao. Kinachohitajika zaidi ni barua ya mwaliko kutoka hospitali, nayo hospitali inaitoa bure ukiwasiliana na kitengo chao cha wagonjwa wa kimataifa moja kwa moja. Wakala alitutoza dola 150 kila mmoja "za kushughulikia", juu ya ada ya serikali ya India. Ni fomu tu. Kijana wa stationeri ya mtaani angeijaza. Na jambo ambalo hakulitaja hata mara moja ni kadi ya njano. Anayetoka au kupitia nchi iliyo kwenye orodha ya India, kama Kenya, anatakiwa awe na cheti cha homa ya manjano, na chanjo inahesabika kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa. Ukifika bila cheti wanaweza kukuweka karantini hadi siku 6. Piga hesabu ya mtoto mwenye degedege karantini. Aliyetukumbusha ni nesi wa kituo chetu cha afya, aliyekuwa anatuaga tu.

Shirika la ndege nalo lina fomu yake ya afya, inajazwa na daktari anayemtibu mtoto. Ianzeni mapema. Na dawa za kifafa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege.

Chennai ni joto la Tanga lililozidishwa, na bahari ipo. Nyumba tuliyofikia ilikuwa hatua chache kutoka hospitali, imejaa wagonjwa wa Bangladesh na familia kadhaa za Waomani. Mama mmoja wa Kiomani alikuwa na Kiswahili cha bibi zake wa Unguja, kizuri kuliko changu. Chumba kilikuwa rupia 1,500 kwa usiku, jiko la gesi la kushirikiana kila ghorofa. Nilikuwa nimebeba unga wa uji begi zima bila haja. Ulezi unauzwa kila duka kule, wao wanauita ragi na wanaunywea uji kama sisi.

Sasa hospitali. Siku ya kukutana na daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo tulipewa mkalimani, kijana Mkongo anayesoma huko, mwenye Kiswahili cha Lubumbashi. Kijana mzuri sana, lakini daktari alikuwa anaongea dakika tano, yeye anatupa sentensi mbili. Mume wangu ni mwalimu, Kiingereza anakielewa, ndiyo maana tulijua kwamba kuna kitu kinabaki njiani. Tuliomba daktari aandike, akaandika kwenye karatasi, akachora na kichwa. Kama hujui Kiingereza, omba maandishi kila kikao, utayatafsiri usiku.

Alichoandika ndicho kilichokuwa na thamani kuliko vyote, na kilitugharimu ada ya kumwona daktari tu. Aligawa mtoto wetu mafungu. Fuvu: hili nitaliziba. Degedege: hili tutalidhibiti kwa dawa, huenda lisiishe kabisa. Mguu na mkono: vitasaidiwa kwa sindano, splinti (kifaa cha kuvaa kinachonyoosha kiungo) na mazoezi. Sehemu ya ubongo iliyokufa, akaionyesha kwenye MRI, doa jeusi la ukubwa wa ndimu: hii haina operesheni wala dawa ya kuirudisha, hapa wala kokote. Mume wangu alimuuliza tena kwa njia nyingine, kisha tena. Daktari hakuchoka na jibu halikubadilika.

Huko nyumbani tulikuwa tunasema "matibabu ya ubongo" kana kwamba ni kitu kimoja kinachonunuliwa. Wakala naye anakiuza kama kitu kimoja. Lakini kila fungu lina bei yake na mahali pake. La kwanza lilikuwa na sababu ya kupanda ndege, hata kama si sababu kubwa. La pili na la tatu ni ya miaka, hayawezi kuishi Chennai.

Jioni ile ile mshirika wa wakala akaja chumbani kwetu na vipeperushi. Kuna kituo mji mwingine, wanatibu kwa seli shina, yaani chembe changa za mwili zinazoweza kugeuka chembe za aina nyingine, wanazitoa kwenye uboho wa mtoto mwenyewe na kumchoma uti wa mgongo. Pakeji dola 12,000 pamoja na vikao vya kukaa kwenye chumba cha oksijeni ya mgandamizo. Akatuonyesha video ya mtoto aliyekuwa hasimami, sasa anasimama. Mume wangu akaanza kuandika kwenye grupu la kamati. Nikamwambia aache mpaka kesho.

Kesho yake daktari wa tiba ya urekebishaji, mama mtu mzima, alituambia bila kuzunguka. Mwongozo wa India yenyewe wa mwaka 2017, uliotolewa na Baraza lao la Utafiti wa Tiba, haulitambui jambo hilo la seli shina kuwa tiba ya kawaida kwa majeraha kama haya. Ni utafiti, na mtu aliye kwenye utafiti hatozwi pesa. Kuhusu oksijeni, alitueleza utafiti wa Kanada uliochapishwa 2001, watoto 111 wenye mtindio wa ubongo: kundi moja waliwekwa kwenye oksijeni ya mgandamizo, jingine hewa ya kawaida iliyogandamizwa kidogo tu. Makundi yote mawili yalipata nafuu sawasawa. Mtindio si jeraha la ajali, alituonya, lakini chumba kinachouzwa ni kile kile. Nikakumbuka ile video. Mtoto wa miaka mitatu au minne anayefanyishwa mazoezi kila siku, miezi sita baadaye anaweza kusimama bila chochote kuingia uti wa mgongo wake.

Pakeji hatukuichukua, na wakala aliacha kujibu ujumbe wetu kwa haraka tangu hapo. Nyota mbili, nimeshasema.

Operesheni yenyewe sina mengi ya kusimulia, mzazi hukaa nje. Nilikuwa naiogopa nusu kaputi kuliko kisu. Alitoka salama, akakaa chumba cha uangalizi, akahamia wodini, nyuzi zikatolewa. Bamba ni la titani. Tuliuliza kama kichwa kikikua litakuwaje, tukaambiwa umri wa miaka sita ubongo umeshafika karibu asilimia 90 ya ukubwa wa mtu mzima, kwa hiyo kinachobaki ni kidogo. Kofia ya baiskeli tuliiacha huko huko kwa mtoto wa Kibangladeshi wa chumba cha pili.

Pesa iliyofanya kazi nzuri kuliko zote ni ya mazoezi ya viungo, rupia 800 kwa kikao. Mtaalamu hakumfanyisha mtoto tu, alinifundisha mimi, akanisimamisha nifanye mbele yake na kunikosoa mpaka nikapatia. Mkono wa kushoto, ulio mzima, unavalishwa glovu nene kwa muda fulani ili ule dhaifu ulazimike kushika kijiko. Anakasirika, analia, kisha anashika. Hilo naweza kulifanya Korogwe, na nalifanya.

Pesa iliyopotea ni ya mtaalamu wa matamshi. Hili sijaona mtu akilisema, na kama mtoto wako amepoteza maneno lisikilize. Binti yangu alikuwa anajua Kiswahili na Kisambaa kidogo cha bibi. Mtaalamu ana Kitamil na Kiingereza. Akatoa kadi za picha, idli (chakula chao cha mchele), treni ya umeme, mama kavaa sari. Mtoto anatazama tu. Wakamleta yule kijana wa Lubumbashi, akajaribu kwa bidii, "mutoto, hii ni nini?", binti yangu akamcheka mpaka akakohoa. Kile kicheko kilinifurahisha sana, lakini hakikuwa na thamani ya rupia zile. Mazoezi ya maneno yanafanywa kwa lugha ya mtoto, na mtaalamu mzuri wa Chennai hawezi kuibadilisha hali hiyo. Tuliahirisha mpaka tuliporudi, sasa anafuatiliwa Dar, picha ni za sufuria, mbuzi na daladala.

Sindano za kulegeza misuli ya mguu, zile za botoksi, zilisaidia kisigino kushuka chini. Ila nguvu yake ni kama miezi mitatu hivi, kisha inarudiwa au inaachwa. Ulizeni nyumbani nani atairudia kabla hamjaianza. Splinti ya mguu waliyomtengenezea ilikuwa nyepesi na nzuri, akakua ikambana. Mpya tumetengenezewa Moshi. Pale hospitali ya KCMC kuna chuo cha mafundi sanifu wa viungo bandia tangu 1981, kinachosomesha wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Tulilipa dola Chennai kwa kitu ambacho watu wanasafiri kuja kusomea kwetu.

Dawa ya kifafa walimbadilishia kutoka fenobabito kwenda levetirasetamu. Amechangamka, usingizi wa mchana umepungua. Ni ya kununua kila mwezi na haikatizwi ghafla, degedege linarudi kwa kasi. Kabla daktari hajaandika, mwulize kama ipo kwenye maduka ya dawa ya kwenu na kwa bei gani. Mume wangu alimpigia mfamasia wa Tanga tukiwa tumekaa mbele ya daktari, na hakuna aliyeona vibaya.

Ningemtumia wakala tena? Hapana. Ningetuma CD ya MRI mwenyewe kwa hospitali mbili au tatu, nilipie maoni ya daktari kwa video, kisha niamue kama kuna fungu la kupandia ndege. Gari la uwanja wa ndege hospitali nyingi zinatuma zenyewe ukiomba.

Siku ya kuondoka msikubali kupewa muhtasari wa kurasa mbili peke yake. Dai CD ya picha zote, taarifa ya operesheni, na kadi ya bamba yenye jina la kampuni iliyolitengeneza na namba yake. Titani kwa kawaida haizuii MRI, lakini fundi wa MRI atataka kuiona hiyo kadi kabla hajamwingiza mtoto, na kuifuatilia Chennai ukiwa Tanzania kulituchukua barua pepe nyingi.