Fleti za kando ya Karura, natoa nyota 2 tu

Jumamosi dalali alinipeleka kuona fleti zinauzwa kabla hazijaisha, ziko pembeni kabisa ya Msitu wa Karura hapa Nairobi. Jamaa anashika saa, simu anapokea, kwa hilo namsifu. Lakini kila nikiuliza leseni ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira, na kibali cha kaunti cha kubadilisha matumizi ya ardhi anarudi kwa balkoni, eti utaamka unaona miti, nikamwambia kaka hiyo miti si yako na si ya huyo mwenye mjengo, ni yetu sote. Ramani inaonyesha ghorofa 14 mahali majirani wana nyumba za chini, na majitaka yataenda wapi hakujua kabisa, na mto uko hapo chini unaingia msituni!! Mwaka 1999 Wangari Maathai alipasuliwa kichwa hapo Karura akitetea huu msitu usigawiwe wajenzi, sasa mimi niweke dipoziti kwa maneno matupu? Hapana. Ukienda omba uone hizo karatasi mbili, upige picha, uende nazo mwenyewe ofisini wazihakikishe. Mimi bado nangoja zangu.