TAHADHARI: Safari ya kuchangia kwenda Udzungwa, tumepigwa watu 18 tukiwa na risiti mkononi

Jamani naomba mnisome, hasa nyie mnaopanga safari za mwisho wa mwezi kwenda hifadhi ya Udzungwa, Morogoro. Kuna ukurasa Instagram unatangaza safari za kuchangia, siku 2, usafiri, malazi, kiingilio, maporomoko ya Sanje na usiku wa ngoma kijijini, laki moja na nusu kwa kichwa. Sisi wa kikoba tulikuwa 18, kwahiyo ni milioni 2 na laki 7, na hizo hela kina mama wamezikusanya miezi 5, kuna mmoja anauza maandazi alikuwa anatoa elfu moja kila siku hata siku ambayo hajauza.

Kilichotuponza huyu mwenye ukurasa sio wa kupokea hela na kupotea hapohapo. Simu anapokea, anakuita dada angu, anatuma voisi usiku anauliza kama kuna mama mwenye presha ili waongozaji wajue. Na gari likaja kweli, kosta, Mbezi saa 11 alfajiri kama alivyosema, nani angekuwa na wasiwasi tena? Tukapita Morogoro, tukafika Mikumi tukakata kushoto njia ya Ifakara, watu wanaimba, yeye anasema ametangulia Mang'ula anatusubiri na tiketi zetu.

Tumefika Mang'ula saa 7 mchana simu haipatikani. Lodge aliyotuambia wanatushangaa, hawana buking yoyote ya kikoba. Tukaenda ofisi ya hifadhi na zile risiti alizotutumia WhatsApp, askari akaangalia mara moja tu akasema mama hii sio yetu, kontrol namba (namba ya malipo) ya serikali ina tarakimu 12 na inaanza na 99, hii yenu ina tarakimu 10. Akaingiza kwenye mfumo mbele yetu, hakuna kitu. Nilihisi miguu inaisha nguvu kwa sababu mimi ndio katibu, mimi ndio niliyezituma.

Dereva naye kumbe kapewa laki 3 tu ya kutanguliza, laki 6 iliyobaki kaambiwa sisi ndio tutamlipa tukifika. Yule kaka Mungu ambariki, hakutuacha, tumemmalizia kidogokidogo baada ya kurudi. Tukalala nyumba ya wageni wanne wanne chumba kimoja.

Asubuhi waliokuwa na hela kwenye simu wakalipia upya kiingilio na mwongozaji, tukapata watu 7. Mama wa maandazi nikamwambia nakulipia akakataa, akasema na wewe huna, nendeni tu mniletee picha. Hiyo kauli inaniuma mpaka leo. Yale maporomoko ni kama mita 170, maji yanashuka kwenye mwamba ukiwa chini unalowa bila kuyagusa, tukaona mbega wekundu juu ya miti, na mwongozaji akatueleza habari za ng'olaga, nyani wa Sanje ambaye duniani yupo Udzungwa tu na wanasayansi wamemjua 1979 wakati wenyeji walikuwa na jina lake zamani. Ndio maana nasema tatizo sio hifadhi, wale watu wa pale walitupokea vizuri sana.

Sasa dalili zilikuwepo na nataka mzijue. Kwenye tangazo kuna picha ya watu ndani ya gari la wazi wanaangalia simba. Udzungwa huzunguki na gari, hakuna barabara za utalii ndani, unatembea kwa miguu, anayeijua hawezi kukutangazia hivyo. Halafu kuna sokwe, wakati sokwe wapo Gombe na Mahale huko Kigoma. Nilimuuliza akanijibu hizo ni picha za mfano dada angu, nikanyamaza, sikutakiwa kunyamaza. Na hela tulituma mara 3, mara ya tatu jina lililokuja ni la mtu mwingine kabisa, akasema ni mhasibu.

Lingine ni ile ngoma. Tulivyomuuliza mwenyekiti wa kijiji akasema hajaletewa taarifa yoyote na sio sisi wa kwanza kuja kuulizia. Wazee wa sangula, hiyo ngoma yenyewe, ambao picha yao ndio imebandikwa kwenye tangazo hawajawahi kupewa hata mia, hawajui hata kama wanatangazwa, na wageni wakija na hasira wanaokutana nao ni wao. Kwahiyo na wao wamepigwa.

Kama unataka kwenda nenda, ila kiingilio lipa mwenyewe kwa kontrol namba unayopewa na hifadhi, bei ya Mtanzania ni ndogo na TANAPA wanaiweka wazi, hakuna haja ya kumpa mtu akulipie. Lodge pigia mwenyewe uulize jina lako lipo. Anayejiita kampuni mwambie akuonyeshe leseni ya TALA, ile ya biashara ya utalii, ya mwaka huu, na jina la kwenye leseni lifanane na jina linalopokea hela, akianza kuzunguka achana nae. Dereva pia ongea nae kabla hamjapanda, muulize kalipwa kiasi gani.

Namba zote 3 za simu tulizotumia hela nimeshazituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, na polisi tumefungua kesi, RB tunayo. Ule ukurasa umebadilishwa jina wiki iliyopita, sasa hivi wanatangaza msitu wa Amani kule Muheza, bei ileile laki na nusu, na picha ya sokwe ileile ipo. Kama na wewe ulituma hela kwa hao watu njoo inbox na meseji za muamala, mpelelezi ametuambia tukiwa wengi kwenye faili moja inamsaidia.