Mpini wa fagio na dekio: tazama uzi kabla ya urefu

Watu wengi huchagua mpini kwa urefu na rangi, ilhali kinachoamua kama utafaa ni sentimita chache za uzi, yaani mifereji ya kuzungushia kama ya skrubu, zilizo kwenye ncha yake. Dunia haina kipimo kimoja cha uzi huo. Viwili vinavyochanganywa mno ni uzi wa Kimarekani na ule uitwao wa Kitaliano, ambavyo kwa macho hufanana lakini haviingiliani.

Uzi wa Kimarekani, uitwao Acme, una unene wa inchi robo tatu, yaani milimita 19, na nyuzi 5 katika kila inchi. Vilele vyake ni bapa, na Marekani hutumika kwenye mafagio na hata kwenye rola za kupakia rangi. Wa Kitaliano, ulioenea Ulaya, ni mnene zaidi, takriban milimita 21 au 22. Ukitia mpini wa Kimarekani kwenye kichwa cha Kitaliano, huzama bila kushika; ukifanya kinyume chake, mpini hugota mdomoni mwa tundu, na anayelazimisha huishia kuzila nyuzi za plastiki za kichwa. Tahadhari pia na neno "robo tatu" ukiwa duka la vifaa vya ujenzi, kwa kuwa muuzaji aweza kukupa kifaa cha bomba, na uzi wa bomba la robo tatu una unene wa nje unaozidi milimita 26 na nyuzi 14 kwa inchi.

Asiye na kalipa, kifaa cha kupimia unene, azungushie karatasi kwenye uzi, aisugue kwa ubavu wa penseli mpaka vilele vijichore, kisha apime kwa rula kutoka mstari wa kwanza hadi wa sita, si wa tano, kwa maana kinachohesabiwa ni nafasi zilizo kati ya mistari. Zikitimia milimita 25 na ushee, huo ni Acme.

Kwa matumizi ya nyumbani, nafasi ya kwanza naipa bomba jembamba la chuma lililovikwa plastiki, lenye ncha ya uzi ya plastiki ngumu, kwa sababu uzi huo hauvimbi kwa maji ya deki. Kagua tu kwamba ncha haichezi ukiizungusha kwa vidole, kwani ikilegea, bomba litazunguka peke yake na kichwa kitabaki palepale.

Nafasi ya pili ni mpini wa mti uliovishwa kofia ya plastiki yenye uzi. Wa tatu ni mti uliochongwa uzi wenyewe: bei yake ni nafuu na unafaa fagio la ndani lisiloloa, lakini kwa dekio siupendekezi, maana mti hunywa maji ukavimba, na ukikauka vilele vya uzi humeguka.

Mpini wa aluminiamu unaorefushwa ni wa mpaka rangi na wa kutoa utando wa buibui darini. Kwa kufagia kila siku ni gharama isiyo na sababu. Wa mwisho kabisa ni mpini usio na uzi, unaopigiliwa msumari ubavuni, ambao kwa fagio la uwanjani hauna ubaya, ila kichwa cha plastiki kikipasuka pale penye msumari itakubidi ununue kingine.