Kuitafuta Unguja ya zamani kwenye picha za Winterton: uzoefu wangu

Sisi tuliokulia Mji Mkongwe tunaijua Unguja ya zamani kwa picha chache zilezile. Beit al-Ajaib, lile jumba la masultani pale pwani, na majahazi mbele yake, mlango wa nakshi, Sultani na wazee wake. Zimetundikwa mahotelini, zimechapwa kwenye kadi na fulana, na ukiuliza ni ya mwaka gani au nani aliipiga, hupati jibu. Aliyetaka kuona zaidi alikwenda kuomba Nyaraka za Zanzibar kule Kilimani, au akasimama mbele ya ukuta wa Capital Art Studio pale barabara ya Kenyatta, studio iliyoanza mwaka 1930. Kwa hiyo nilipoelekezwa kwenye mkusanyo wa picha za Winterton, ambao yeyote mwenye simu anaweza kuufungua bila kulipa chochote, niliingia na kiu ya miaka. Nimeutumia sana tangu hapo. Naandika haya kwa sababu naona watu wetu wengi hawana habari nao, na picha zenyewe ni zetu.

Wenye huduma ni maktaba ya Chuo Kikuu cha Northwestern, kule Evanston jirani na Chicago. Wana maktaba nzima ya masomo ya Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1954 na kupewa jina la Melville J. Herskovits, mtaalamu wa masomo ya Afrika. Picha zilikusanywa na Mwingereza aitwaye Humphrey Winterton kwa takriban miaka 30, nyingine zikiwa ndani ya albamu za watu waliowahi kufanya kazi huku, nyingine mojamoja. Chuo kilizinunua mwaka 2002. Ni zaidi ya 7,000, zote za Afrika Mashariki, kuanzia 1860 mpaka 1960: ujenzi wa reli, miji inavyokua, maofisa na wake zao, bandari, masoko, na watu waliopigwa wakiwa wamekaa studio.

Wangeweza kuzifungia kabatini zikawa za maprofesa tu. Badala yake wamezipiga skani na kuziweka wazi, na wakafanya jambo moja ambalo nawashukuru kwa dhati: hawakuzivunja albamu. Unaweza kuangalia picha peke yake, lakini unaweza pia kuiona albamu ilivyopangwa na mwenyewe, na maneno aliyoyaandika kwa mkono wake chini ya picha. Hilo lina maana kubwa. Ukifuata kurasa unaanza kumjua aliyeshika kamera. Huyu anapiga mawindo yake tu, simba baada ya nyati. Yule ana kurasa nzima za nyumba ya bwana mkubwa, na watumishi wamesimama pembeni bila majina. Ukiiona picha moja peke yake utadhani ndivyo nchi ilivyokuwa. Ukiiona ndani ya albamu, unaelewa kuwa ndivyo yeye alivyotaka ionekane.

Thamani ya huduma hii utaiona pale unapoikuza picha kwa vidole. Nitoe mfano ninaoupenda kuliko yote. Chukua picha ya zamani ya pwani ya Forodhani isiyo na mwaka. Beit al-Ajaib ilijengwa na Sultani Seyyid Barghash mwaka 1883, na mbele yake, upande wa bahari, ulikuwepo mnara wa saa uliosimama peke yake. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zikapiga mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Beit al-Hukm, jumba jingine la masultani lililokuwa jirani, ikabomoka, na mnara ule ukaharibika usifae tena. Mwaka uliofuata saa ikapewa mnara mpya, safari hii umejengwa ukashikana na uso wa jumba lenyewe, na ndio huo tulioukuta sisi. Basi kuza picha yako mpaka uuone mnara. Ukiwa umejitenga na jumba, picha ni ya kabla ya mizinga. Ukiwa umeungana na jumba, ni ya baada yake. Nimewaonyesha vijana wa nyumbani, na sasa wanashindana kuzitia picha miaka yake.

Kwa sisi jambo hili si mchezo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya jumba hilo iliporomoka pamoja na mnara wake, na watu wawili wakapoteza maisha. Siku ile nilihisi nimefiwa. Mtu akiniuliza leo picha zetu za kale zilizohifadhiwa nchi nyingine zinatusaidia nini, namfungulia roshani za Beit al-Ajaib, namkuzia nguzo moja ya chuma mpaka ajaze skrini, halafu namwambia aangalie zile nyingine zilivyopangwa ghorofa kwa ghorofa. Mtoto aliyezaliwa baada ya siku ile hana pengine pa kuliona jumba hilo likiwa zima.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni picha za wanawake. Mwishoni mwa karne ya 19 Unguja ilikuwa na studio za Wagoa, akina Gomes na akina Coutinho, waliopiga watu waliojipamba wakaja kukaa mbele ya kitambaa kilichochorwa. Picha za namna hiyo maelezo yake huwa mafupi mno: mwanamke wa Kiswahili, basi. Nilimpelekea shangazi yangu mojawapo kwenye simu. Alivaa miwani, akaisogeza simu, akaiweka mbali kidogo, akanyamaza. Halafu akaanza kutoka kichwani mpaka miguuni. Akanionyesha ukaya, kile kitambaa cha kichwani, na jinsi ulivyofungwa, kizibao na uzi wa ukingoni, kisha akashuka mpaka kwenye marinda ya suruali yaliyojikunja juu ya vifundo vya miguu. "Huyu kavalishwa na watu wanaojua, mwanangu," akasema. "Tazama mikono, ana hina mbichi. Huyu anatoka kwenye shughuli au anakwenda." Tukakuza mikono. Kweli, vidole vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kiungo cha kwanza.

Mimi nilikuwa nimeiangalia picha ile mara nyingi na sikuviona vidole. Katalogi haikuvitaja, na isingeweza kuvitaja, kwa sababu anayejua kusoma vidole vile yuko Unguja, si Evanston. Hapa ndipo ninapotaka kusema neno langu kubwa kuhusu huduma za namna hii zote. Kuweka picha mtandaoni ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumpa shangazi yangu mahali pa kuyaweka maneno yake, yakae na picha hiyo, ili anayekuja kesho ayakute.

Na hilo si ndoto, limeshafanyika. Januari 2008 Maktaba ya Bunge la Marekani ilichukua picha zake kama 3,000 na kuziweka kwenye Flickr, mtandao wa kawaida wa picha ambako watu walikuwepo tayari, ikawaambia: semeni mnachokijua. Watu wakasema. Ndani ya miezi michache yalipatikana maoni zaidi ya 7,000. Kulikuwa na waliotambua mtaa, waliomtambua mtu, waliokwenda kuchimba magazeti ya siku hiyo na kurudi na tarehe kamili. Wakutubi hawakuishia kusoma na kufurahi. Walihakiki, na kufikia Oktoba mwaka huo walikuwa wamesharekebisha maelezo ya picha zaidi ya 500 kwenye katalogi yao kwa kutumia walichoambiwa na watu. Maktaba na makumbusho nyingine zikafuata njia hiyo. Mwaka 2011 Nyaraka za Taifa za Uingereza nao waliweka maelfu ya picha za Afrika kutoka iliyokuwa Wizara ya Makoloni, wakiomba watu wasaidie kutambua yaliyomo.

Picha za kwanza za Maktaba ya Bunge nyingi zilikuwa za Marekani, na waliojibu walikuwa watu wenye kompyuta na lugha ya katalogi. Shangazi yangu hana Flickr na hatakuwa nayo. Ana WhatsApp, ana sauti, na ana baraza la nyumba. Mimi ninachokifanya ni hiki: namwekea picha, namrekodi akizungumza, kisha naandika alichosema nikitaja namba ya picha kama ilivyo kwenye katalogi. Namba hiyo usiiache kamwe. Picha ikishazunguka kwenye makundi bila namba, hairudi tena kwao, na lolote atakalolisema mzee linabaki hewani.

Kwa hao hao wa Maktaba ya Bunge, nawashauri mkazitazame picha za Eric Matson. Huyu alikuwa mpigapicha mwenye duka Jerusalem, na mwaka 1936 alisafiri akapita Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Negativu zake alianza kuikabidhi maktaba hiyo mwaka 1966. Kwa wepesi wa kuchukua picha, hapa ndipo pazuri kuliko kote nilikopita. Unapewa saizi kadhaa, kuanzia ndogo isiyokula bando mpaka faili kubwa la TIFF unaloweza kuchapisha ukutani, na wameandika waziwazi kwamba hakuna kizuizi cha hakimiliki kinachojulikana. Mwalimu anaweza kuichukua akaibandika darasani bila wasiwasi. Maelezo yake ni mafupi kwa sababu yametoka kwenye daftari la mpigapicha mwenyewe: jina la koloni, jina la mji, maneno mawili matatu. Ukitaka hadithi utaitafuta mwenyewe.

Naeleza wepesi huu kwa sababu nimeona na kinyume chake. Ipo taasisi moja Ulaya, jina nitaliacha, niliyoiandikia kuomba picha ya mtaa wetu iliyopigwa zamani. Mtandaoni wanaionyesha ndogo kama stempu, na jina lao limepita katikati ya nyuso za watu. Wakanitumia orodha ya bei. Babu zetu walipopigwa picha hawakulipwa, na wengi hawakuulizwa. Wajukuu kutakiwa pesa ili waone uso wa babu ni jambo linaloniuma, na nitaendelea kulisema mpaka libadilike.

Nirudi kwa Winterton, kwa wanaotaka kuanza leo. Tafuta kwa majina yaliyotumiwa na waandishi wa albamu. Andika Zanzibar, usiandike Unguja. Kwa bara jaribu jina la utawala wa wakati huo pia, maana picha za kabla ya Vita ya Kwanza zinaweza kukaa chini ya Wajerumani na za baadaye chini ya Tanganyika. Kiswahili kwenye kisanduku cha kutafutia hakikufikishi mbali; ukiandika "mlango" au "karafuu" utakosa vitu ambavyo vimo. Hilo ndilo pengo ninalolisikitikia zaidi, kwa sababu watu wanaozijua picha hizi vizuri kuliko wote ni wasemaji wa Kiswahili. Kama bando lako ni dogo, pitia kwanza zile picha ndogondogo za orodha, halafu fungua unazozitaka ukipata Wi-Fi. Ukikutana na picha zenye maneno ya dharau chini yake, na zimo, usizifute machoni pa watoto. Kaa nao uwaeleze nani aliyeandika na kwa nini.

Nani nitampendekezea? Mwalimu wa historia, bila kusita. Fundi wa nyumba za kale anayetaka kujua baraza au roshani ilikaaje kabla haijabadilishwa. Fundi cherehani na mwenye kushughulika na mavazi ya harusi, kwa zile picha za studio. Anayetafuta jina la babu yake, hapana, au aje na subira kubwa, kwa sababu watu wetu wengi kwenye albamu hizi hawakuandikwa majina.

Na maktaba zetu za hapa nyumbani zina nafasi yao, haihitaji fedha nyingi. Chumba, skrini moja, intaneti isiyokatika, na wazee waalikwe alasiri moja kila mwezi, wapewe chai, wakuziwe picha. Mtu mmoja aandike. Mwisho wa kikao namba za picha na maneno ya wazee yatumwe kwa wakutubi wanaozihifadhi, kwa Kiswahili kama yalivyosemwa, na nakala ibaki Unguja. Mimi na wenzangu wawili wa mtaani tumeanza na picha za studio, tukiwa na akina mama wa mtaa wa Malindi, hapa Unguja. Aliye na mzee nyumbani anayezikumbuka harusi za zamani, za Unguja au za Pemba, aanze naye wiki hii.