pnpm kwenye ripo moja kubwa: nyota nne, ila jiandae na ukali wake

pnpm ni programu ya kushusha na kupanga pakeji za JavaScript, yaani vipande vya msimbo vilivyoandikwa na wengine. Sisi tupo Mtwara mjini tunatengeneza mifumo ya vyama vya msingi vya korosho, kila kitu kipo ripo moja (hifadhi moja ya msimbo), app ya karani, web ya ghala, seva ya malipo, na zamani kila mradi ulikuwa unajivutia pakeji za nje kivyake, huyu maktaba ya React vesheni ya 17 yule 18, folda za pakeji (node_modules) zinajaza diski na bando linakata kabla ya saa saba mchana.

pnpm yenyewe kila vesheni ya pakeji inakaa sehemu moja tu kwenye mashine, miradi yote inaunganishwa hapohapo, huna haja ya kudownload mara mbili. Kwa anayenunua bando kwa hela yake hilo tu linatosha jamani. Na kama kila kitu kishashuka, unapiga pnpm install --offline inamaliza bila mtandao. Mnakumbuka Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilivyokatika, mtandao ukasumbua? Basi.

Ila utamu wenyewe ni katalogi, zipo toka 9.5. Vesheni unaziandika kwenye pnpm-workspace.yaml, huko kwenye miradi mtu anaandika "catalog:" tu, ukipandisha unagusa mstari mmoja wote wanapanda. Kabla ya hapo mmoja anapandisha maktaba ya hesabu wenzie hawana habari, minada imeanza, mkulima anaona kilo hivi kwenye app na vile kwenye web, hapo umweleze nini?

Sasa ukali. Ukiita pakeji ambayo hujaitaja kwenye package.json (orodha ya pakeji za mradi) inagoma, wakati npm, ile programu ya kawaida ya kazi hii, ilikuwa inakufumbia macho, so siku ya kuhamia ni makosa mekundu tupu. App ya simu ya React Native ndo ilitusumbua zaidi, mpaka tulipoweka nodeLinker: hoisted, mpangilio unaoweka pakeji zote folda moja kama npm, na ukiweka hiyo ule ukali nao unalegea, sijaipenda kabisa.

Usalama safi. Toka vesheni ya 10 skripti za pakeji za nje hazijiendeshi wakati wa install mpaka uziruhusu, na minimumReleaseAge inazuia vesheni mbichi, inahesabu kwa dakika, siku moja weka 1440. Baada ya chalk na debug, pakeji mbili maarufu, kuwekewa virusi Septemba 2025 mi siwezi kuiacha.

Kama ripo yenu ina Java na Python ndani, pnpm haihusiki na hizo, mtaishia Bazel, programu ya kujenga miradi ya lugha nyingi, na Bazel kwa timu ndogo ni mzigo haswa.